Mkataba Usomwe Kwanza

Msikilizaji, madiwani wa tarafa za Burundi waliochaguliwa Juni 5, 2025 ndio sauti yetu mradi mkubwa unapobisha hodi, uwe wa bandari au wa uwanja wa ndege. Diwani wa Rumonge apime vipi? Aitazame Nairobi.

Mwaka 2024 kampuni ya Adani ya India iliomba kuendesha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Wakenya walipata habari nyaraka zilipovuja, Julai. Septemba mahakama ikausimamisha mpango, wafanyakazi wakagoma, na Novemba 21 Rais Ruto akaufuta.

Ni kweli, nasi pwani yetu ya Rumonge inahitaji njia. Mwaka huohuo wa 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia majumbani, na samaki wetu mukeke hasubiri barabara ikauke. Lakini haja yetu isiwe kisingizio cha kuficha mkataba. Kabla ya kuinua mkono, diwani aulize hadharani: ardhi ni ya nani, fidia ni kiasi gani, deni atalipa nani? Majibu yasomwe kwa Kirundi mbele ya wananchi. Yakikosekana, akatae.