Madiski mawili ao matano? Namna ya kulinda karatasi zetu ndani ya ordinatere

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafadhili, komini Kenya, Lubumbashi

Komite ilinilomba nieleze jambo moja lenye linasumbua biro tangu tulipoanza kuingiza karatasi mu ordinatere: tuziweke ku madiski ya namna gani, kusudi zisipotee. Mufadhili mumoja anataka kutupatia sanduku la madiski matano. Mbele ya kusema ndiyo, tuelewane. Nasema wazi toka sasa: kwa biro yetu, madiski mawili yanayofanana, betri nzuri, na diski ya tatu inayolala fasi ingine, ni bora kuliko yale matano. Musikasirike mbele sijaeleza.

Munajua kile tunacholinda. Wengi wetu tulivuka kwenda Zambia wakati Pweto ilianguka, mwezi wa 12 mwaka 2000, tukaishi kambi ya Kala ao ya Mwange. Mutu alirudi na karatasi moja ya HCR ndani ya plastiki, imekunjwa mara nane. Karatasi hiyo njo inasema jina lake, alirudi na watoto wangapi, nani alizaliwa kule. Biro imeipiga skani. Imepiga skani pia kaye za michango ya matanga na ya magonjwa. Kaye ikipotea, mujane atakuja kulomba musaada na hakuna mutu ataweza kuonyesha kama bwana yake alikuwa analipa. Watasema tu, "Hatumukumbuke." Mambo ya namna hii yanavunja shirika haraka kuliko kukosa feza.

Sasa, hii kazi ya kuunganisha madiski mingi ilitoka wapi? Mwaka 1988, watu watatu wa chuo kikuu cha California, ku Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko lenye lilileta jina la RAID. Wakati ule makampuni makubwa yalikuwa yanatumia diski kubwa za bei kali sana, sawa vile IBM 3380. Hao watatu waliangalia diski ndogo zilizotengenezwa kwa ordinatere za watu binafsi, wakauliza: juu ya nini tusipange ndogo mingi pamoja, zifanye kazi ya kubwa moja? Herufi ya I ndani ya jina ilikuwa na maana ya bei rahisi. Nyuma wachuuzi waliigeuza, wakasema ni madiski yanayojitegemea. Naelewa: ni vigumu kuuza sanduku la bei kali lenye jina la bei rahisi.

Lakini ndani ya andiko lile muko hesabu yenye watu wanaisahau. Walisema diski moja ndogo inaweza kufanya kazi saa 30.000 mbele ya kufa. Ni zaidi ya miaka 3. Ukipanga 100 pamoja bila ulinzi wowote, moja kati yao itakufa kisha saa 300. Saa 300 ni siku 12 na nusu! Munaona? Kuongeza madiski si kuongeza usalama. Ni kuongeza matanga. Usalama unakuja paka kama umeongeza kitu kingine juu, chenye kinaweza kurudisha kile kilichopotea.

Kitu hicho kinaweza kufanywa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kioo: kila unachoandika ku diski ya kwanza kinaandikwa vilevile ku diski ya pili. Moja ikikufa, ingine inaendelea, na wewe unaweka mupya, inanakiliwa. Hiyo njo RAID 1. Inakula nusu ya fasi yote uliyolipia, na ni sababu hiyo watu wenye hesabu hawaipendi.

Ya pili inaitwa pariti, na njo ile ya sanduku la madiski matano, RAID 5. Bamama wa likelemba wataielewa haraka kuliko mimi. Tuseme mama wa kwanza ametoa 5.000, wa pili 7.000, wa tatu 4.000. Mwandishi anaandika kila moja ku karatasi yake, kisha ku karatasi ya ine anaandika jumla: 16.000. Mvua ikilowesha karatasi ya mama wa pili, si shida. Unachukua 16.000, unatoa 5.000, unatoa 4.000, inabaki 7.000. Karatasi moja ya ziada imelinda tatu. Ordinatere haijumlishe sawasawa hivi, lakini akili ni ileile. Ni ufundi muzuri, sikatai.

Shida inakuja umeme ukikatika. Na hapa kwetu, nani atasema umeme haukatike?

Turudie kwa bamama wetu. Mama wa kwanza ameongeza, sasa ni 6.000. Mwandishi anafuta 5.000, anaandika 6.000, na mbele ya kugusa karatasi ya jumla, taa inazima. Jumla imebaki 16.000. Umeme unarudi, kazi inaendelea, na mashini isipopewa muda wa kuhakikisha hesabu zote upya, hakuna mutu anaona kitu. Kisha miezi mbili, karatasi ya mama wa pili inaharibika. Sanduku linapiga hesabu yake: 16.000, toa 6.000, toa 4.000, inabaki 6.000. Lakini mama huyu alitoa 7.000! Amepoteza 1.000, na yeye hakugusa kitu siku ile taa ilizima. Mashini itasema kila kitu kiko sawa.

Mafundi wanaita jambo hili tundu la maandiko. Ku kioo, umeme ukikatika katikati ya kuandika, kitu kinachoweza kuharibika ni kile tu ulichokuwa unaandika wakati ule. Ku pariti, kinaweza kuharibika kitu cha jirani yake, cha tangu zamani, chenye hakuna mutu alikuwa anakifikiri. Kwa kaye za michango, mimi naogopa hii ya pili zaidi.

Nisikie mutu aliyesoma akisema kuko dawa. Ndiyo, iko. Programu ZFS, iliyotoka kwa kampuni Sun, haiandike juu ya kitu cha zamani. Inaandika fasi mupya kwanza, ikimaliza njo inageuza njia. Linux pia inaweza kuweka daftari ya pembeni inayokumbuka kazi iliyokatikia njiani. Na kuko kadi za bei kali zenye betri yao. Lakini kila dawa inalomba mutu wa kuijua na kuifuata, na biro yetu iko na kijana mumoja anayekuja saa za jioni.

Kuko jambo la muda pia. Diski ya terabaiti 4 ikikufa, mupya inapashwa kujazwa toka mwanzo hadi mwisho. Hata kwa mwendo wa megabaiti 150 kila sekunde, ni karibu saa 7 na nusu bila kusimama. Ku kioo unasoma diski moja. Ku sanduku la matano unasoma zote ine zilizobaki, kila kona, hata zile zenye hazijaguswa tangu mwaka, na moja ikishindwa njiani hauna tena kitu cha kutoa ku jumla. Tuhesabu sasa: ku mutaa wenu, ni lini mara ya mwisho mulipata umeme saa 7 na nusu mufululizo wakati wa mchana?

Njo maana nasema feza ya diski ya tatu, ya ine na ya tano iende ku betri. Nazungumza ondulere yenye iko na waya wa kuongea na ordinatere, kusudi betri ikibaki kidogo mashini ifunge kazi yake yenyewe na kuzima kwa adabu. Ondulere bila waya huo inachelewesha tu anguko. Na kama mufadhili mumoja anafikiri paneli za jua, sitamukataza.

Kuhusu diski zenyewe, maneno matatu mafupi. Tusinunue mbili za duka moja siku moja; zile zilizotoka pamoja ku kiwanda mara mingi zinachoka pamoja. Pili, diski za kawaida za ordinatere ya nyumbani ziko na tabia moja mubaya zikiwekwa mu kundi: zikikuta fasi isiyosomeka zinajaribu tena na tena, hata zaidi ya dakika moja, na Linux kwa kawaida inangoja sekunde 30 tu. Inafikiri diski imekufa, inaifukuza, kumbe ilikuwa inakaza tu kichwa. Kuko diski zilizopangwa kwa kazi ya kundi zinazoachilia kisha sekunde 7 hivi, juu zinajua mwenzake iko na nakala. Ao basi fundi anaongeza muda wa kungoja. Tatu, vumbi ya kiangazi. Hapa toka mwezi wa 5 mpaka mvua irudi, sanduku lisilofagiliwa linajaa udongo mwekundu, feni inasimama, diski zinapika.

Na mwendo? Sekretere analalamika kila siku ordinatere ni nzito, na iko na haki. Watu wanafikiri madiski matano yatakimbia mara tano. Kwa kusoma video moja ndefu, inaweza kusaidia. Lakini kazi yetu si hiyo. Yetu ni kufungua fishi moja, kubadilisha tarakimu moja, kufunga. Ku RAID 5 badiliko dogo la namna hiyo linalomba safari ine: soma cha zamani, soma jumla ya zamani, andika kipya, andika jumla mupya. Ku kioo ni kuandika mara mbili, na zote mbili zinaandika kwa wakati mumoja. Tena diski ya kuzunguka inafanya safari kama 100 hivi kila sekunde; diski ya SSD inafanya maelfu mingi. Kioo cha SSD mbili kitakimbia kuliko sanduku lile lote.

Mutasema SSD ni ndogo. Tupime. Karatasi moja ya skani ni kama megabaiti 1. Karatasi 20.000 ni gigabaiti 20, zinaingia mu kifunguo cha USB cha mutoto wa shule. Sauti za wazee tunazorekodi, saa moja yenye ubora wa diski ya muziki ni kama megabaiti 635, saa 1.000 hazifike hata terabaiti 1. SSD mbili za terabaiti 2 zinatutosha miaka mingi.

Ninalomba pia kioo kifanywe na Linux yenyewe, si na ufundi uliojificha ndani ya kadi mama ya ordinatere. Kadi mama ikikufa, diski za Linux unazichomoa, unazipeleka kwa mashini ingine yoyote, zinasomeka. Ile ingine inaweza kukulomba kadi ya namna ileile, na utaitafuta soko lote la Kenya bila kuipata.

Sasa jambo lenye hakuna RAID inaweza. Mutu akifuta fishi kwa bahati mubaya, kioo kinaifuta ku diski zote mbili, papo hapo, kwa uaminifu kabisa. Mwizi anabeba sanduku zima. Goma, tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, lava ya Nyiragongo iliingia mpaka katikati ya muji. Diski mbili ndani ya nyumba moja zingeungua pamoja. Kioo ni cha kuendelesha kazi diski ikikufa. Nakala ni kitu kingine, na inapashwa kulala nyumba ingine.

Mufano uko hapahapa kwetu. Mwaka 1965, waliokuwa maboyi wa wazungu hapa Elisabethville walikuwa na shirika lao, na André Yav akaandika historia ya muji kwa Swahili yetu, kwa mashini ya kuandika. Ni kitabu kidogo, karatasi chache, hakuna kampuni kubwa iliyoitoa. Nakala yake ilifika kwa profesa Johannes Fabian, akaitoa tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo unaisoma ku intaneti. Wale wazee hawakuwa na diski. Walikuwa na nakala yenye ilitoka nje ya nyumba.

Kwa hiyo mupango wangu mbele ya komite ni huu. SSD mbili kwa kioo, ondulere yenye waya, na diski mbili za kawaida za nje zinazopokezana: moja iko biro, ingine iko nje, zinabadilishana kila siku ya yenga ya kwanza ya mwezi. Siku hiyohiyo Linux inasoma kioo chote kutafuta fasi zilizoharibika, na kijana wetu anachagua karatasi tano bila kupanga, anazifungua toka ku nakala, anaangalia kama zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa siihesabu. Diski ya nje itafungwa kwa neno la siri, juu iko na majina ya watu waliokimbia vita, na neno hilo litakaa mu bahasha mbili, kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja.

Inabaki kuchagua nyumba. Isiwe hapa Kenya. Ruashi ao Katuba ni sawa. Tunatafuta fasi kavu, yenye mulango wa kufunga na mutu anayebaki mchana. Mwenye anakubali kuilinda aandikishe jina lake kwa sekretere.