Ubao Wenye Maua: Kutia Rangi na Kumalizia Gitaa la Umeme la Kujitengenezea

Ifuatayo ni hotuba ya mkufunzi wa useremala kwa vijana na mafundi wa jua kali waliokusanyika katika chuo cha ufundi cha kaunti. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeombwa nizungumzie hatua moja tu ya kazi, nayo ni kutia rangi ubao wenye maua na kuumalizia, ubao huo ukiwa uso wa gitaa la umeme ulilojitengenezea mwenyewe. Najua wapo wanaojiuliza kaunti ina shughuli gani na magitaa. Jibu liko mpakani mwa shamba lako. Ule mgrevilea, ambao wengi hapa mnauita mubariti au mukima, uliletwa kutoka Australia ukapandwa kukinga majani chai na kahawa na jua kali. Leo tunaukata tukachoma kuni, au tunauuza uwe mbao za kumwagia zege. Lakini gogo hilohilo, likipasuliwa vizuri, lina maua yanayometameta kama magamba ya samaki. Watengenezaji wa samani na ala za muziki nje ya nchi huyatafuta maua hayo kwa makusudi. Mbao ni zilezile. Kinachotofautisha bei ni jinsi ubao ulivyopasuliwa na jinsi ulivyomaliziwa.

Tena gitaa la umeme halimdai kijana karakana kubwa. Bodi yake ni ubao mzima, si sanduku lenye uwazi. Sauti huanzia kwenye nyuzi za chuma zinazotikisika juu ya pikapu, kisha hupelekwa kwenye amplifaya. Huko Uingereza, mwaka wa 1963, kijana aitwaye Brian May alianza kujitengenezea gitaa la umeme nyumbani akisaidiwa na baba yake. Shingo waliichonga kutokana na mbao za meko ya zamani. Gitaa hilo ndilo alilokuja kulipiga katika bendi ya Queen. Nasi hapa tuna urithi wetu wa gitaa, tangu enzi za Fundi Konde hadi benga ya D. O. Misiani. Anayepiga gitaa yupo. Anayelitengeneza ndiye adimu.

Maua yanatoka wapi?

Fundi asiyejua maua yanatoka wapi atayafunika kwa rangi. Katika mti uitwao mepo, unaopendwa sana na watengenezaji wa magitaa Marekani, nyuzi za mti hukua zikipinda kama mawimbi. Mwanga ukigonga wimbi, upande mmoja hung'aa na mwingine huwa na kivuli, na ukiugeuza ubao, vivuli navyo huhama. Mgrevilea una siri nyingine. Ndani yake kuna mishipa mipana inayotoka kwenye kiini kuelekea kwenye gome. Ukipasua gogo kwa kufuata mstari wa kiini kwenda gome, unaikata mishipa hiyo kwa ubapa na maua yanajitokeza. Ukipasua upande mwingine unapata ubao wa kawaida tu. Kwa hiyo zungumza na mwenye mashine kabla hajawasha msumeno, maana baada ya hapo hakuna dawa. Na kabla ya kukata au kusafirisha mti wowote, pitia ofisi ya misitu uulize vibali vinavyohitajika. Ukitaka mpingo kwa ubao wa vidole, kumbuka kwamba tangu mwaka wa 2017 jamii yote ya Dalbergia imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES. Nunua kwa mtu mwenye karatasi halali.

Ubao ukishapasuliwa, ukaushe kivulini, kila ubao ukitenganishwa na mwingine kwa vijiti ili hewa ipite. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Kama huna kipima unyevu, upime ubao kwa mizani kila wiki. Siku uzito utakapoacha kupungua, ubao umekauka. Ukipaka vanishi juu ya ubao mbichi, utajikunja na kupasuka hata ukiwa na rangi nzuri namna gani.

Matayarisho

Piga msasa namba 80, kisha 120, 180 na 220, ukifuata nyuzi za mti. Usiruke namba, kwa sababu mikwaruzo ya msasa mkali haionekani mpaka rangi iingie, na hapo huwa imechelewa. Halafu upanguse ubao kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nyuzi zitasimama kama manyoya. Acha ukauke, upitishe tena 220 kwa mkono mwepesi. Unapoulowesha, angalia mahali panapobaki pakavu na peupe. Hapo kuna gundi iliyomwagika, na rangi haitaingia. Ikwangue sasa. Vumbi la mgrevilea huwawasha baadhi ya watu ngozi, kwa hiyo vaa mikono mirefu, funika pua na mdomo, na uoge baada ya kazi.

Kutia rangi

Rangi za mbao ni za aina mbili. Ya kwanza ina chembechembe zinazokaa juu ya ubao na ndani ya vitundu vyake. Hiyo huficha maua kama vumbi kwenye kioo. Ya pili huyeyuka kabisa katika maji au spiriti, ikaingia ndani ya nyuzi na kuacha mwanga upite. Kwa ubao wenye maua, tumia hii ya pili. Ikiyeyushwa kwa maji huingia ndani zaidi na hukupa muda wa kuisawazisha. Ikiyeyushwa kwa spiriti hukauka upesi, lakini ukichelewa kidogo huacha mabaka, na kwa kawaida hupauka mapema zaidi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Chukua kipande kilichobaki cha ubao uleule, si ubao mwingine, ufanyie majaribio. Koroga rangi hafifu, kwa sababu kuongeza ni rahisi na kupunguza ni kazi ngumu. Paka kwanza rangi nyeusi au kahawia kwa kitambaa safi, ukiwa umevaa glavu. Ikishakauka, piga msasa wa 220 au 320 mpaka weusi utoke mahali pasipo na maua. Katika mepo, weusi utabaki kwenye mawimbi. Katika mgrevilea mambo ni kinyume. Ile mishipa ni migumu na hainywi rangi sana, hivyo maua hubaki angavu na weusi hukaa kati yake. Kisha paka rangi kuu, iwe ya asali, nyekundu au samawati. Ukitaka ukingo uwe mweusi na katikati pang'ae, paka ukingo mwisho, ukifuta kuelekea katikati kwa kitambaa chenye unyevu ili mpaka usionekane kama uliochorwa kwa rula.

Kwa asiye na fedha za rangi ya dukani, weusi unaweza kutoka jikoni. Loweka waya laini wa chuma ndani ya siki kwa siku kadhaa. Hakikisha ni chuma kinachoshika kutu, kwa sababu waya usioshika kutu hautayeyuka. Usikaze mfuniko, maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kuupasua mtungi, na uweke mbali na moto. Paka kwanza chai ya rangi iliyokolea sana, iache ikauke, kisha paka ile siki. Chuma kikikutana na tanini ya chai, ubao hugeuka mweusi mbele ya macho yako. Majani chai yetu yana kazi nyingi kuliko tunavyodhani.

Kila jaribio liandike nyuma ya kile kipande: gramu ngapi, maji kiasi gani, mara ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mteja wa pili atakapotaka rangi ileile, utajibu nini?

Jua nalo ni adui. Magitaa ya Gibson Les Paul yaliyotengenezwa kati ya 1958 na 1960 yalikuwa na uso wa mepo wenye rangi nyekundu ukingoni. Nyekundu hiyo ilipauka kwa mwanga, na mengi yakageuka rangi ya chai au ya limau. Leo watu huyanunua kwa bei kubwa mno, lakini mteja wako wa mwaka huu hatakushukuru. Weka kipande chako cha majaribio dirishani kwa mwezi mmoja, nusu ukiwa umeifunika kwa karatasi. Funua, ulinganishe. Hapo utajua kama rangi hiyo inafaa kuuzwa.

Vanishi

Kanuni ya kwanza ni kwamba kisiyeyushe kilicho chini yake. Kama rangi yako ni ya spiriti, usipake shelaki kwa brashi, kwa sababu shelaki nayo huyeyushwa kwa spiriti, na rangi itaburutwa. Kama rangi ni ya maji, vanishi ya mafuta itakaa juu yake bila kuisumbua.

Kwa anayefanya kazi nyumbani, napendekeza vanishi ya mafuta iliyopunguzwa nusu kwa nusu na tapentaini, ikipakwa kwa kitambaa. Paka safu nyembamba sita hadi nane, ukiipa kila moja siku nzima ya kukauka. Safu mbili za kwanza usizipige msasa, au ugusie tu. Ukitoboa vanishi utaondoa na rangi, na pembe ndizo hutoboka kwanza. Safu zikishatosha, litundike gitaa kwa wiki tatu au nne. Ukinusa bado kuna harufu, halijawa tayari. Ndipo usawazishe kwa msasa wa maji namba 800, 1000, 1500 na 2000, kisha upige polishi. Ziba matundu ya skrubu kwanza. Maji yakiingia humo ubao utavimba na vanishi itapasuka kandokando.

Usalama, na hapa nisikilizwe

Wengi wenu mnaishi chumba kimoja, jiko na kitanda pamoja. Usipake vanishi wala laka humo. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko, ukashika moto na kurudi ulikotoka. Fanya kazi nje, kivulini, mbali na moto, sigara na cheche za umeme.

Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani visikunjwe wala kurundikwa kwenye kona. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe usiku bila mtu kuwasha kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au uvitie ndani ya ndoo ya maji.

Rangi na vanishi za vikopo viwili, zile za kupakia magari, huvutia kwa kung'aa. Katika kopo la kigumishi mara nyingi mna kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zinaweza kumpa mtu pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizizuii. Kama huna chumba maalumu cha kupulizia na kifaa cha kuletea hewa safi, ziache. Hakuna gitaa linalolingana na mapafu yako.

Na mwisho, wazazi, mniunge mkono hapa. Thina na spiriti zisiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi, anaona chupa tu. Akinywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa kwa nguvu. Mkimbizeni hospitali mara moja, na mbebe chupa hiyo ili daktari ajue ni kitu gani.

Vijana, sikuja kuwaahidi utajiri. Gitaa moja litakuchukua miezi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ni kungoja: kungoja ubao ukauke, rangi ikauke, vanishi ikomae. Lakini anayejua kungoja hivyo ataweza pia kumalizia meza ya harusi, mimbari ya kanisa, mlango wa msikiti au kitanda cha mteja asiyependa mchezo. Ufundi ni uleule. Anzeni na kipande kidogo cha mgrevilea, upana wa kiganja. Kipigeni msasa, kitieni rangi, kiandikeni nyuma, mkilete hapa chuoni tukitazame pamoja.