Ubao Wenye Ufa

Gogo likisha kupasuliwa, mara nyingi hutokea ubao mmoja mpana wenye ufa au kifundo, na ukingo wake haukunyoka. Maseremala wengi huchukua palipo pazima, na palipobaki pakawa kuni. Hotuba hii ni habari za fundi aliyeutafuta ubao wa namna hiyo makusudi.

Bwana George Nakashima alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa Spokane, Marekani, na wazazi wake walitoka Japani. Elimu yake ilikuwa ya kuchora majengo. Vita vilipofika, amri ya Rais Roosevelt ya Februari 1942 iliwaondoa majumbani watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani, wakafungiwa kambini. Nakashima alipelekwa Minidoka, Idaho, pamoja na mkewe na binti yao mchanga. Humo alimkuta seremala Gentaro Hikogawa, aliyefundishwa kazi kwa desturi ya Kijapani, akawa mwanafunzi wake. Mbao nzuri hazikuwapo. Walitumia mabaki ya ujenzi na vichaka vya jangwani. Kwa msomi wa vyuo vikubwa, huo ulikuwa uanagenzi wa ajabu. Mwaka 1943 aliachiliwa, akakaa New Hope, Pennsylvania, na huko akafungua karakana.

Sasa kazi yenyewe. Ubao ukikauka husinyaa, tena kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Na kwa kuwa ncha hukauka kabla ya katikati, nyufa huanzia nchani. Kwa hiyo mbao nene hupangwa kivulini, zikitengwa kwa vijiti ili upepo upite, na ncha hupakwa nta au rangi. Desturi ya mafundi ni kuhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mwenye haraka huuza meza leo, ikapindia nyumbani kwa mnunuzi.

Ufa uliokwisha tokea Nakashima hakuuficha. Huchongwa kipande cha mti mgumu, mfano wa kipepeo aliyetandaza mabawa. Nyuzi zake sharti zikingame na ufa. Zikifuatana nao, kipande hukatika kiunoni. Huwekwa juu ya ufa, kikazungushiwa alama kwa ncha ya kisu; shimo huchimbwa kwa patasi bila kuvuka alama, kisha kipande hutiwa gundi, kikagongwa na kusawazishwa kwa randa. Ufa huonekana, lakini hauendelei. Ukingo wa mawimbi huachwa ulivyo. Gome tu hubanduliwa, maana huficha wadudu.

Mwaka 1986 meza yake kubwa ya Amani, ya mti wa jozi, iliwekwa katika Kanisa Kuu la St. John the Divine, New York. Alifariki mwaka 1990, na karakana ikashikwa na binti yake Mira, yule aliyebebwa mchanga mpaka Minidoka.