Maana ya Ubatizo, na Wajibu Wetu Saa ya Hatari
(Hotuba kwa Wakristu na walimu wa Kisiwa cha Goziba)



Katika jubilei hii twamshukuru Mungu kwa makanisa, kwa mashule na kwa mapadre. Lakini mlango wa hayo yote ni mmoja, nao ni Ubatizo. Bwana wetu alimfundisha Nikodemo, aliyemjia usiku, ya kuwa mtu hana budi kuzaliwa mara ya pili kwa maji na kwa Roho. Kwa Ubatizo twaondolewa dhambi, twafanywa wana wa Mungu na viungo vya Kanisa, na roho zetu zatiwa alama isiyofutika kamwe. Ndiyo sababu mtu habatizwi mara mbili.

Wazee wetu hawakuipata neema hiyo kwa wepesi. Mapadre Weupe walipofika Kashozi mwaka 1892, walishika agizo la Kardinali Lavigerie, mwasisi wao, ya kwamba mwenye kutaka kubatizwa afundishwe na kujaribiwa muda wa miaka minne. Katika mbegu hiyo alitoka mtoto wa nchi yetu, Laurean Rugambwa, aliyebatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake. Mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika katika zama zetu.

Lakini je, mauti yakibisha hodi leo, miaka minne itangojewa? Hasha. Kumbukeni habari za Buganda, ng'ambo ya ziwa hili. Mwezi wa Mei 1886, vijana wa nyumba ya mfalme walijua ya kuwa watauawa kwa ajili ya imani, na baadhi yao walikuwa hawajabatizwa. Padre hakuwapo. Karoli Lwanga, mlei kama sisi, ambaye mwenyewe alibatizwa Novemba 1885 tu, akatwaa maji akambatiza Kizito na wenzake. Siku chache baadaye, tarehe 3 Juni, wakateketezwa Namugongo.

Ndugu zetu, sisi tu watu wa kisiwa. Upepo ukivuma, mtumbwi hautoki wala hauji. Usiku mmoja wa namna hiyo mtoto mchanga alizidiwa, nasi tulikuwa tumekwama ng'ambo. Bibi yake alikuwa na kata ya maji mkononi, akaogopa, akidhani ya kuwa kazi ile ni ya padre peke yake. Kulipokucha mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mtoto yule twamwacha katika huruma ya Mungu, iliyo pana kuliko ziwa. Lakini kosa halikuwa la bibi. Kosa lilikuwa letu, walimu, kwa kuwa hatukumfundisha.

Basi leo twawafundisha, msikie wote. Mtu akiwa katika hatari ya kufa, na padre hayupo, kila mtu aweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, maadamu anakusudia kutenda litendwalo na Kanisa. Twaa maji ya kweli. Maji ya ziwa yafaa, bali maziwa au rubisi havifai. Yamwage juu ya kichwa yatiririke, na papo hapo wewe mwenyewe useme: «Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.» Mtu mzima sharti kwanza atake, asadiki, na kutubu dhambi zake. Akipona, mpelekeni kwa padre akamiliziwe sala na mafuta matakatifu, na jina lake liandikwe kitabuni.

Walimu wenzetu, fundisheni jambo hili nyumba kwa nyumba, na katika kambi za wavuvi, hata watoto walijue kwa moyo. Maji yatuzunguka pande zote. Isiwe mtu wa Goziba akayakosa kwa sababu ya woga wetu.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.