Kondoo Aliyenona Ndiye Afaye Kwanza

(Maneno ya mazungumzo kwa wenye kondoo na mbuzi)



Mavuno ya mahindi yakiisha katika nchi ya Moi's Bridge, mji ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge, magunia hupelekwa katika maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, na mashamba hubaki na mabua. Hapo wenye mifugo, tangu Kitale hata Bungoma, huwafungulia kondoo na mbuzi wao wakale masazo. Desturi hiyo ni njema, kwani haifai chakula kipotee bure.

Lakini hutokea mara nyingine mwenye kondoo akaamka alfajiri akamkuta mmoja amekufa zizini. Naye aliyekufa si yule mkondefu, bali ni yule aliyenona kupita wenziwe, ambaye jana jioni alikuwa mzima kabisa. Ndipo maneno huanza: jirani ametia sumu, au hasidi ametupa jicho. Ni kweli kwamba yawezekana sumu imo, lakini hakuna mtu aliyeitia. Imefanyizwa ndani ya tumbo la mnyama mwenyewe. Wataalamu huuita ugonjwa huo ugonjwa wa figo laini.

Yafaa ieleweke jinsi ugonjwa huu uanzavyo. Kondoo ana matumbo manne. Majani aliyoyala hukaa kwanza katika tumbo kubwa, huyacheua, kisha huteremka polepole. Lakini akila punje nyingi za mahindi kwa ghafula, tumbo kubwa haliwezi kuzimaliza, na wanga mwingi hupita hadi utumbo mwembamba. Humo mna vijidudu vichache viitwavyo klostridia, ambavyo siku zote huishi bila kumdhuru mnyama. Wanga ule huwa karamu kwavyo. Kwa muda wa saa chache huongezeka mno, navyo hutoa sumu. Ajabu ni kwamba sumu hiyo itokapo haina nguvu nyingi. Maji ya utumbo yanayosaga chakula ndiyo yanayoipa ukali. Kisha hulegeza kuta za utumbo, ikapenya katika damu, ikafika kwenye ubongo na figo.

Kondoo wengi hufa kabla dalili yo yote haijaonekana. Wengine huyumbayumba, huanguka, hukaza shingo kwa nyuma na kupigapiga miguu. Mbuzi aghalabu huhara sana, pengine pamoja na damu. Figo za kondoo aliyekufa kwa sumu hii hulainika upesi kama uji mzito. Lakini mtu asihukumu kwa ishara hiyo peke yake, kwa maana figo za mzoga wo wote uliokaa juani hulainika pia.

Tumbo na figo hutegemeana. Kazi ya figo ni kuchuja uchafu wa damu na kuutoa kwa mkojo. Zikiharibika kwa ugonjwa wo wote, uchafu ule hubaki katika damu, na mnyama hukataa malisho wala hacheui tena. Kwa hiyo mnyama asiyetaka kula huenda hana ugonjwa wa tumbo hata kidogo.

Tena, liko jambo moja kubwa la kuangaliwa. Ugonjwa wa kimeta nao huua kwa ghafula vivyo hivyo, na huua watu pia. Viini vyake hudumu udongoni miaka mingi. Basi mnyama afapo ghafula, asichunwe, asipasuliwe, wala asiliwe, hata kama nyama yake inapendeza macho. Na aitwe afisa wa mifugo kwanza.

Kondoo akisha kushikwa na ugonjwa wa figo laini, ni vigumu sana kumwokoa. Kinga ndiyo njia. Kwanza, mahindi yaliyoanguka yaokotwe kabla ya mifugo kuingia. Pili, wanyama washibe majani kabla ya kupelekwa kwenye mabua, nao wakae huko muda mfupi siku ya kwanza, uongezwe siku hata siku. Tatu, wachanjwe mara mbili, kwa nafasi ya wiki 4 hadi 6, kisha warudiwe kila mwaka. Kinga ya mbuzi haidumu kama ya kondoo, hivyo huenda afisa akaagiza warudiwe mapema zaidi. Kondoo mwenye mimba achanjwe tena wiki 4 hivi kabla ya kuzaa, ili mwanawe apate kinga katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza.

Chanjo ya kwanza ianze mahindi yangali shambani, kwani kinga haipatikani kwa siku moja. Mwenye kungoja hata mabua yamekauka amechelewa. Na aliyepotewa na kondoo wake mnono, kabla ya kumshuku jirani, na atazame kwanza alichokula mnyama yule jana.