Hesabu Zianzie Nyumbani
(Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Leo naanza kwa kukiri kosa langu. Binti yangu alipoleta ripoti ya shule akiwa na alama 19 kwa mia katika hesabu, nilimwambia, "Usijali, hata mimi zilinishinda." Nilidhani namfariji. Kumbe nilikuwa namfungia mlango. Tangu siku hiyo, kila akianguka mtihani alisema, "Nimefuata mama."

Jamani, ni kweli hesabu zilitushinda? Mtazameni mama anayesuka kiondo: nyuzi 4 nyekundu, 3 nyeupe, anarudia hivyo mpaka mzunguko wa nyuzi 84 ukamilike. Akikosea uzi mmoja, mapambo hayakutani. Na wazee wa pwani kwenye bao lenye mashimo 32 na kete 64, wanajua kete zitaishia wapi kabla ya kuinua mkono. Hizo si hesabu?

Basi nilimketisha binti yangu na kiondo. "Nyekundu ni ngapi kwa mzunguko mmoja?" Akaanza kuhesabu kwa kidole, halafu akasimama: "Mama, 7 inaingia kwa 84 mara 12. Nyekundu ni 48!" Akacheka.

Tukaja kwa simu. Hata kabambe inaweza kujumlisha na kugawanya. Na tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, shule imo mfukoni mwetu. Ukituma pesa, mtoto atafute salio kichwani kwanza, ndipo asome ujumbe. Nambari ya siri ibaki yako! Mkopo wa chama wa shilingi 5,000, riba shilingi 500 kila mwezi, baada ya miezi 3 deni lote ni ngapi? Aseme yeye kwanza, kisha simu imsahihishe: 6,500. Simu haimcheki akikosea. Anajaribu tena.

Sitawadanganya kwamba sasa anaongoza darasa. Muhula uliopita alipata 41. Lakini daftari la hesabu hafichi tena.

Ombi langu ni moja. Mkikutana tena, katibu wa kila kikundi awaite watoto wawili wamsaidie kujumlisha kitabu cha chama. Na lile neno "zilinishinda" tusilitamke tena mbele yao.