Ubongo, Mashine na Thamani ya Mtu



Siku hizi habari za akili bandia zimefika hata kwenye nyua za makanisa yetu. Vijana wanauliza: Je, mashine zitatupita? Na zikitupita, mtu atabaki na nini? Ni maswali ya haki, wala haifai kuyajibu kwa kuyadharau.

Kwanza, na tuutazame ubongo tuliopewa. Ubongo wa mtu mzima una uzito upatao kilo 1.4 na chembe za neva zipatazo bilioni 86, nao hutumia nguvu za wati 20 hivi tu. Hiyo ni nusu ya balbu ya wati 40. Kwa siku nzima ni kama kalori 400, ambazo mtu aweza kuzipata katika sahani ya githeri iliyojaa. Kwa nguvu hizo chache mama hutambua sauti ya mwanawe katikati ya kelele za soko, huku akihesabu chenji na kukumbuka deni la jana.

Sasa tazameni mashine. Mwaka 2022 kompyuta iitwayo Frontier, huko Oak Ridge, Marekani, ilifanya hesabu zaidi ya bilioni moja mara bilioni moja kwa sekunde. Ilihitaji umeme wa megawati 21 hivi, yaani wa kutosha bongo milioni moja. Kituo chetu cha Masinga, katika Mto Tana, kimejengwa kutoa megawati 40. Basi mashine hiyo moja ingekula zaidi ya nusu yake.

Sababu moja ni hii: katika kompyuta za kawaida, kumbukumbu hukaa mahali pamoja na hesabu hufanywa mahali pengine, na kule kupeleka habari huku na huku hula umeme mwingi. Katika ubongo, kumbukumbu na kazi hukaa pamoja, na kila wakati ni chembe chache tu zinazotoa ishara; nyingine zimetulia. Wataalamu wanajaribu kuiga hayo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kiliwasha mashine ya namna hiyo yenye vipande milioni moja vya kufanyia hesabu.

Hapo mhubiri hushawishika kusema, "Mnaona? Mashine haitamfikia mtu kamwe." Mimi sisemi hivyo. Mwaka 2016, mjini Seoul, programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa Go, mara nne kwa moja. Wengi walidhani jambo hilo lilikuwa bado miaka mingi. Huenda siku moja ikaundwa mashine itakayofikiri kwa umeme mdogo kuliko wa ubongo. Ikiwa heshima ya mtu tumeijenga juu ya wati 20, siku hiyo itaanguka.

Tena, ndugu zangu, kipimo hicho kimekwisha kuwadhulumu watu hata kabla ya mashine kuja. Yuko nyanya aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau, anayeuliza swali lile lile mara nne kabla ya chai ya saa nne. Yuko mtoto aliyezaliwa na ubongo dhaifu, ambaye hufichwa chumbani wageni wakija. Ubongo wao hula chakula kama wa wengine, lakini kazi yake haionekani. Kwa hesabu ya gharama na faida, hao ni hasara, na wako nyumbani mwetu wanaowaita mzigo.

Maandiko hayatufundishi kwamba Mungu alimpenda mtu kwa wepesi wa akili zake. Yatufundisha kwamba mtu ni mfano wake Mungu, naye nyanya anayesahau jina lake mwenyewe hajasahauliwa na Muumba wake. Kompyuta ikichakaa hutupwa, wala hakuna dhambi. Mtu hatupwi.

Basi, vijana, jifunzeni mashine hizi bila hofu. Lakini juma hili, nyanya akiuliza mara ya tano, mjibuni kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Naye mtoto yule, mwiteni akae mezani na wageni.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kuwaona watu kama uwaonavyo wewe. Amina.